Limbuko la Matunda na Haki Yake

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha mvua kutoka mawinguni akaifufua kwayo ardhi baada ya kufa kwake, akatoa ndani yake matunda ya namna mbalimbali yawe riziki ya waja. Na rehema na amani zimshukie Muhammad, aliyekula pamoja na maskini na kuwatanguliza watoto wadogo mbele ya nafsi yake, na ziwashukie jamaa zake na sahaba zake wote.

Amma baad. Kila musimu wa maembe unapofika, watu wa pwani huingiwa na furaha isiyofichika. Matenga hushuka kutoka mashambani, mitaa hunukia, na masoko ya Mombasa, Malindi, Tanga na Unguja hujaa wauzaji na wanunuzi. Huko Unguja, katika soko la Darajani lililojengwa mwaka 1904, mtu huona embe dodo na boribo zimepangwa mafungu mafungu, na kila kimoja kwa wakati wake huja vile visivyoonekana kila siku: shokishoki zenye nywele nyekundu, madoriani yenye miiba, mabungo yanayokandwa kwa maji na sukari, zambarau zinazotia ulimi weusi, na kunazi ambazo watoto huziokota chini ya miti. Mwenyi kutembea sokoni siku hizo hurudi nyumbani na kitu mkononi hata kama hakukusudia kununua.

Furaha hiyo si dhambi. Katika Suratul-Aaraf, aya ya 32, Mwenyezi Mungu amewakemea wale wanaoharimisha pambo na riziki njema alizowatolea waja wake. Na katika Suratur-Raad, aya ya 4, ametaja kuwa katika ardhi mna vipande vinavyopakana, na mizabibu na makulima na mitende, vyote hunyweshwa maji mamoja, kisha kimoja hupita kingine kwa utamu. Na katika hayo mna ishara kwa watu wenyi akili. Basi mwenyi kula embe tamu na jirani yake akala kali, na shamba ni moja na mvua ni moja, ameiona ishara hiyo kwa ulimi wake. Kilichobaki ni kuwa aifahamu.

Lakini neema, pamoja na uhalali wake, ina masuala. Imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alitoka nyumbani na njaa, akakutana na Abubakar na Umar (R.A.) nao wametolewa na njaa vile vile. Wakaenda kwa mtu mmoja katika Ansari, naye akawaletea shada la mtende lenye tende za kila hali, zisizoiva na zilizoiva na zilizokauka, kisha akawachinjia. Walipokula na kunywa hata wakashiba, Mtume aliwajulisha sahaba zake wawili kwamba wataulizwa juu ya neema ile siku ya Kiyama. Ikiwa wataulizwa watu wale walioshinda na njaa, juu ya shada moja la tende, basi ataulizwaje yule ambaye miembe yake huangusha mpaka nzi wakazagaa?

Na masuala ya matunda ni matatu: vipi mtu ameyaonja, nani amempa, na vipi ameyauza.

Ama kuonja, Waswahili wana neno lao, nalo ni kulimbuka. Na tunda la kwanza la mwaka huitwa limbuko. Katika nyumba nyingi limbuko huwekewa mkubwa wa nyumba: embe ya kwanza iliyoiva hufichwa chini ya kawa mpaka baba arudi kutoka baraza, na watoto huiangalia kwa macho. Kumheshimu baba ni jambo jema, wala hakuna wa kulikanusha. Lakini mwendo wa Mtume katika limbuko ulikuwa mwingine. Abu Huraira (R.A.) amepokea, na hadithi iko katika Sahihi Muslim, kuwa watu wa Madina walikuwa wakiona tunda la kwanza humletea Mtume. Naye hulishika, akawaombea baraka katika matunda yao na mji wao na vipimo vyao vya pishi na kibaba. Kisha humwita mtoto mdogo kuliko wote waliopo akampa tunda lile.

Na aangalie mwenyi akili mambo yaliyo ndani ya hadithi hii. Kwanza, watu hawakula kabla ya kuomba. Pili, dua haikuwa ya tunda lile moja tu, bali ya mji mzima, na hata ya vipimo vya sokoni. Kwani tunda halina baraka kama pishi inayolipimia imepunguzwa. Tatu, aliyekuwa mbora wa viumbe, ambaye limbuko lile aliletewa yeye, hakulionja. Alilipeleka kwa yule asiyeweza kupanda mti, wala kununua, wala kudai. Basi baba anayeingia nyumbani akaletewa embe ya kwanza chini ya kawa, akasoma bismillahi, akaombea baraka mji wake, akamwita aliye mdogo katika watoto akampa, ameifuata sunna kwa jambo lisilomgharimu ila subira ya saa moja.

Na katika adabu za kuonja ni kutodharau kitu. Yako mazao ambayo watu wa mjini huyafanyia kiburi. Huambiwa mnavu ni mboga ya wenyi dhiki, na tembele ni chakula cha watu wa shamba, na mumunye ni kitu cha kumpikia mgonjwa. Lakini imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Anas bin Malik (R.A.) alikwenda pamoja na Mtume katika karamu ya mshona nguo, ikaletwa sahani yenye mumunye na nyama iliyokaushwa, akamwona Mtume akiyatafuta mumunye pembezoni mwa sahani, na tokea siku hiyo Anas hakuacha kuyapenda. Imepokewa vile vile kuwa Mtume alikuwa akila tende mbivu kwa tango. Wala hakupata kukitia ila chakula. Akikipenda hukila, na asipokipenda hukiacha.

Na kitu kigeni kina hukumu yake. Aliletewa Mtume nyama ya kenge wa jangwani, akaondoa mkono wake. Khalid bin Walid (R.A.) akauliza kama ni haramu, akaambiwa si haramu, ila hakikuwa chakula cha nchi ya watu wake, na Khalid akakila mbele yake. Hapa wamefunzwa watu wawili. Asiyeweza kustahimili doriani kwa harufu yake asimwambie anayelipenda kuwa anakula uchafu; na anayelipenda asimlazimishe mwenziwe. Lakini mwenyi kulila aoshe kinywa chake vyema kabla ya kwenda msikitini, kwani Mtume amewakataza waliokula kitunguu saumu kibichi wasiikaribie misikiti na kuwaudhi watu, na maulamaa wamekiingiza katika hukumu hiyo kila chenyi harufu mbaya.

Tena ugeni wa tunda haudumu. Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, alipopita katika pwani hii mwaka 1331, aliandika kuwa Mogadishu aliandaliwa wali pamoja na ndimu za kutiwa chumvi na pilipili na tangawizi mbichi na embe. Na Mombasa aliona migomba na milimau, na tunda mfano wa zeituni, tamu sana, liitwalo jammun, ambalo ndilo jina Wahindi wanaloiitia zambarau. Mwembe na mfenesi asili yake ni Bara Hindi. Mdoriani na mshokishoki asili yake ni visiwa vya Malai. Mpera, mstafeli, mpapai, mnanasi na mkorosho asili yake ni Marekani, na mbegu zake zilivuka bahari baada ya kuja Wareno. Miti yote hii ilikuwa migeni siku moja, na kila mmoja alikuwako mtu aliyeupanda bila ya kujua kama ataula. Wanaokula leo wanakula sadaka ya watu wasiowajua, na inawapasa kuwaombea rehema Waislamu waliokuwamo miongoni mwao.

Ama suala la pili, nani amepewa, ndilo zito. Katika Suratul-An'am, aya ya 141, baada ya kutajwa mabustani na mitende na mizeituni na makomamanga, Mwenyezi Mungu ameamrisha watu wale matunda yake yazaapo, na watoe haki yake siku ya kuvunwa, wala wasifanye ufujaji. Huenda mtu akasema: katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani, matunda yenyi zaka ni tende na zabibu tu, na katika nafaka ni zile za kuwekwa akiba zikawa chakula, kama mpunga na mtama na mahindi, zikifika wasaki 5, nazo ni pishi 300 kwa pishi ya Mtume, basi embe hazina zaka wala mafenesi hayana zaka. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini asiyewajibikiwa na zaka hakuambiwa afunge mkono. Kuna haki ya jirani, na haki ya aliyeshika panda akachuma, na haki ya maskini aliyesimama kwenye ua akitazama.

Na kisa cha wenyi shamba katika Suratul-Qalam chatosha kuwa onyo. Wafasiri wamesema baba yao alikuwa akiwapa maskini fungu katika mavuno yake. Alipokufa, wana walipiga mahisabu wakaona kuwa watoto wao ni wengi na fungu lile ni hasara. Wakaapa kuvuna alfajiri mapema, wala hawakusema inshallah. Wakalala. Usiku ule shamba likapitiwa na kilichotoka kwa Mola wao, na kulipokucha lilikuwa kama lililokatwa. Wakaenda wakinong'onezana kuwa leo asiingie maskini hata mmoja. Walipoliona walidhani wamepotea njia, kisha wakajua kuwa wamenyimwa. Hawakuwa wezi watu hao. Shamba lilikuwa lao, na matunda yalikuwa yao. Kosa lao ni kuamka mapema ili maskini asiwaone.

Na yako mashamba ya pwani ambayo kuamka mapema hakukuwatosha wenyewe, wakatundika kago: chupa yenyi maji meusi, au tambara jekundu, au kibuyu kilichosomewa, juu ya tawi la mwembe, ili atakayekula avimbe tumbo au akatike mkono. Imam Ahmad amepokea kwa Uqba bin Amir (R.A.) kuwa Mtume amehukumu ya kwamba mwenyi kutundika azima amefanya shirki. Maulamaa wamekhitalifiana katika hirizi iliyoandikwa Qur'ani ya kumkinga mtu. Lakini kago si kinga ya mgonjwa, bali ni kitu cha kumtakia mtu maradhi kwa ajili ya embe moja. Na mara nyingi huyo anayetakiwa maradhi ni mtoto wa miaka minane, mwana wa jirani, ambaye baba yake husali safu moja na mwenyi shamba.

Na atazame mwenyi kago jinsi Mtume alivyofanya katika kesi kama hiyo hiyo. Rafi bin Amr (R.A.), kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi, alikuwa kijana akiipiga mawe mitende ya Ansari. Akakamatwa akapelekwa mbele ya Mtume. Mtume akamwuliza sababu ya kupiga mawe, naye akajibu kuwa alitaka kula. Basi alimkataza kupiga mawe, akamruhusu kula zilizoanguka chini. Kisha akampangusa kichwa na kumwombea Mwenyezi Mungu alishibishe tumbo lake. Mti ulihifadhiwa, na mali ya Ansari ilihifadhiwa, na kijana alikwenda zake ameombewa shibe. Hapana aliyetoka pale amedhulumiwa. Na kijana yule alipokuwa mtu mzima alisimulia habari hiyo juu ya nafsi yake mwenyewe, ikabaki mpaka leo. Mtoto anayekimbizwa kwa kago na mbwa naye atakuwa mtu mzima, naye atakuwa na ya kusimulia.

Ama suala la tatu ni kuuza. Imepokewa na Bukhari na Muslim, kwa Ibn Umar na Anas (R.A.), kuwa Mtume amekataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kufaa kwake, na kudhihiri huko ni kuanza kuwa mekundu au manjano. Na Zaid bin Thabit (R.A.) ameeleza sababu yake: watu walikuwa wakinunua tende juu ya mti zingali changa, na wakati wa kukata ukifika mnunuzi husema zimeingiwa na maradhi haya na haya, ugomvi ukawa mwingi, ndipo wakaelekezwa wangoje.

Katazo hili lavunjwa mno. Mtu ana miembe sita nyuma ya nyumba yake. Miezi ya dhiki inamfikia, mtoto anaumwa, au karo inadaiwa, na miembe imetoa maua tu. Huja mchuuzi akahesabu miti, akampa fedha kidogo, na wakiandikiana huandika kuwa mazao yote ya mwaka huo ni ya mchuuzi. Ikija mvua wakati wa maua, au upepo mkali, maua huanguka na mchuuzi hudai fedha zake. Na miti ikizaa sana, mwenyi miembe husimama dirishani akiona matenga yake yakitoka uani kwake, na watoto wake wakikatazwa kuokota hata iliyoanguka, kwa sababu si yao tena. Katika hali zote mbili mmoja anakula mali ya mwenziwe bila ya haki. Na Jabir (R.A.) amepokea katika Sahihi Muslim kuwa aliyemwuzia nduguye matunda kisha yakapatwa na balaa, si halali kwake kuchukua chochote kwake, akamwuliza kwa haki gani atachukua mali ya nduguye.

Wala sharia haikumfungia mlango mwenyi dhiki. Akitaka kuuza embe changa za achari kwa sharti ya kukatwa papo hapo, yajuzu, kwani zina manufaa katika hali hiyo. Akingoja mpaka zikaanza kugeuka rangi, hata chache katika shamba, yajuzu kuuza za jinsi ile zilizomo shambani. Akitaka fedha kabla ya musimu, iko biashara ya salamu, ambayo Mtume aliikuta Madina akaitengeneza kwa kuweka sharti ya kipimo maalumu na mizani maalumu na muda maalumu: mnunuzi hutoa fedha zote pale pale, na muuzaji humdhaminia embe za sifa na uzito uliotajwa katika siku iliyotajwa, si za mti huu wala ua huu, bali zilizo katika dhima yake. Na bora kuliko yote ni jirani mwenyi uwezo kumkopesha karadha njema isiyo na nyongeza mpaka embe ziive. Mji ambao wenyi uwezo wamo na maskini wake wanauza maua, lawama yake haiko kwa maskini peke yao.

Na akiisha kufika sokoni, muuzaji akumbuke siku Mtume alipotia mkono wake katika chungu ya nafaka, vidole vikapata unyevu. Mwenyewe akasema ni mvua. Akaambiwa kwa nini hakuiweka juu watu wakaiona. Na Mtume akatangaza kuwa mwenyi kughushi si katika watu wake. Tenga lenyi embe nzima juu na zilizooza chini ni chungu ile ile.

Basi yampasa Mwislamu, musimu ukiingia, aondoe kago kama analo, aliteketeze na atubu. Aweke chini ya mti fungu la wapita njia. Ampelekee jirani kabla ya harufu kumfikia. Ampe mtoto limbuko. Na akiisha kula, asiitupe kokwa jaani. Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Mwislamu yeyote apandaye mti, kisha akala humo ndege au mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Kokwa ya embe haina bei, na uani mwa mtu hapakosi mahala pa kuifukia.

Ewe Mola, yabariki matunda ya waja wako na miji yao, na pishi zao na vibaba vyao. Wape wenyi mashamba mikono iliyokunjuka, na wenyi dhiki subira na njia ya halali, na watoto wao shibe. Wala usiwajaalie kuwa kama wale walioamka alfajiri wakaikuta neema imekwisha ondoka. Amin.

Wa sallallahu ala sayyidina Muhammad wa ala alihi wa sahbihi wa sallam.